Neno "value" la Kiingereza: mwongozo kamili wa maana zake na jinsi ya kuzitoa kwa Kiswahili

Tafuta "value" katika kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, jibu la kwanza utakalokutana nalo ni thamani. Jibu hilo ni sahihi, ila halitoshi. Neno hilohilo limo katika ripoti ya mthamini wa nyumba, katika mlinganyo wa hisabati, katika hotuba kuhusu malezi, katika programu ya kompyuta, katika darasa la uchoraji na katika kijikaratasi kilichobandikwa kwenye kopo la chakula. Ukilitia thamani kila mahali, utapata Kiswahili kinachosomeka bila kueleweka, na hiyo ndiyo tafsiri mbaya kuliko zote kwa sababu haigunduliki upesi.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayesoma Kiingereza akihitaji kukielewa barabara, anayetafsiri, au anayefundisha. Unakwenda hatua kwa hatua, lakini hatua hazilingani. Ya fedha ni ndefu kwa kuwa ndiko kwenye mitego mingi. Ya maneno yaliyozaliwa na "value" ni fupi.

Kwanza asili, maana inasaidia. "Value" inatokana na Kilatini, valere, kitenzi kilichomaanisha kuwa na nguvu, kuwa na afya, na baadaye kuwa na uzito wa kutosha. Kilipita katika Kifaransa cha kale kikafika Kiingereza karibu mwaka 1300. Ndugu zake ni "valid", hoja au hati yenye nguvu, "valour", ushujaa, "convalescence", kurudiwa na nguvu baada ya ugonjwa, na "equivalent", kinacholingana nguvu na kingine. Thamani yetu imetoka katika Kiarabu, thaman, yaani bei. Neno la Kiingereza lilianzia kwenye nguvu, letu likaanzia sokoni. Ndiyo maana thamani hukaa vizuri sana palipo na fedha, na huanza kuyumba kadiri unavyosogea mbali nazo.

Hatua ya kwanza: tazama neno limekaaje katika sentensi

Kabla ya kuwaza maana, angalia umbo. Mambo manne yanakupa zaidi ya nusu ya jibu.

Je, ni jina au kitenzi? "They value her advice" ni kitenzi, na hapo kuthamini kunatosha: wanauthamini ushauri wake. "They valued the land at two million" nayo ni kitenzi, lakini kile kijineno "at" kikifuatwa na kiasi kinabadilisha kila kitu. Hapa hakuna upendo wala heshima, kuna mtu aliyekokotoa: waliikadiria ardhi kuwa na thamani ya milioni mbili.

Je, ni umoja au wingi? Umoja usiohesabika, kama katika "of great value", huzungumzia ubora, manufaa au uzito wa jambo. Wingi, "values", una nyumba mbili zisizofanana hata kidogo. Mwenye hizo "values" akiwa ni watu, yaani familia, taifa, kampuni au dini, neno linahusu wanayoyaamini na kuyashika. Akiwa ni jedwali, safu, mlinganyo au kifaa cha kupimia, neno linahusu namba. Mwanafunzi aliyekuta "high values" za mashine akaandika kwamba ilitoa "maadili ya juu" alikosa kuuliza swali hili moja tu.

Ni kijineno gani kinafuata? "Value of" hukuelekeza kwenye kitu chenyewe. "Value to" hukuelekeza kwa mtu anayenufaika. "Value for" huashiria mabadilishano, unatoa hiki upate kile. "Value in" huashiria faida iliyomo katika kutenda jambo: "there is value in listening" ni kwamba kusikiliza kuna faida, na thamani haihitajiki kabisa.

Mwisho, je, neno limetangulia jina jingine? "Value judgement", "value chain", "value added" ni vipande vilivyokwisha kugandana. Usivitafsiri neno kwa neno. Tafuta kipande kizima kinavyosemwa.

Hatua ya pili: uliza nani anapima, na kwa kipimo gani

Hili ndilo swali la mwongozo wote. Ukilijibu, neno la Kiswahili hujileta lenyewe.

Mpimaji akiwa soko, mhasibu, mthamini au serikali, kipimo ni fedha. Hapo una thamani, bei, gharama, kima na jamaa zao. Mpimaji akiwa moyo wa mtu au dhamiri ya jamii, kipimo ni mapenzi, heshima, imani, au jema na baya. Hapo una kuthamini, umuhimu, maadili, tunu, misingi. Na kuna pahala ambapo hakuna anayepima ubora wowote. Neno linataja tu kilichokaa katika nafasi fulani: namba iliyo mahali pa x, sauti ya herufi, urefu wa noti ya muziki. Hapo ndipo msomaji wa Kiswahili huteleza zaidi, kwa kuwa thamani humfanya adhani jambo fulani limesifiwa.

Hatua ya tatu: palipo na fedha

Tenganisha maneno matatu kwanza. Bei ni kiasi kinachodaiwa au kilicholipwa. Gharama ni kiasi kilichotumika kukitengeneza au kukipata kitu. Thamani ni kile ambacho kitu kinastahili. Matatu haya yanaweza kuachana kabisa: kitu cha gharama kubwa kikauzwa kwa bei ndogo huku thamani yake ikiwa ya katikati. Kiingereza nacho kinayo "price", "cost" na "value", kwa hiyo mwandishi makini akichagua "value" hakuikusudia bei. Usimbadilishie.

Tofauti hii iliwasumbua wanauchumi kwa muda mrefu. Mwaka 1776 Adam Smith alieleza kwamba neno "value" lina maana mbili. Moja ni manufaa ya kitu kwa anayekitumia, nyingine ni uwezo wa kitu hicho kununua vitu vingine. Kwa Kiswahili ni thamani ya matumizi na thamani ya mabadilishano. Mfano wake ulikuwa maji na almasi: maji yanafaa kuliko karibu kila kitu na hayanunui kitu, almasi haina kazi kubwa na hununua mengi. Jibu lililokuja kukubalika zaidi lilitolewa karibu miaka mia baadaye, William Stanley Jevons na Carl Menger wakiandika mwaka 1871, Léon Walras mwaka 1874. Kinachoamua bei si faida ya maji yote kwa jumla, bali faida ya kile kiasi kidogo cha mwisho unachoongeza. Maji yakiwa tele, ndoo moja zaidi haiongezi kitu. Kwa mtu aliyepotea jangwani ndoo hiyohiyo ingeishinda almasi.

Hapo katikati, mwaka 1867, Karl Marx alitoa juzuu la kwanza la kazi yake kuhusu mtaji, na humo mna "surplus value". Hapa simama kidogo, kwa sababu maneno mawili hugongana kwa Kiswahili. "Surplus value" ni thamani ya ziada: kile anachozalisha mfanyakazi kupita ujira anaolipwa, kinachobaki kwa mwenye mtaji. "Value added" ni ongezeko la thamani: bei ya kuuzia ukitoa vitu vilivyonunuliwa kutoka kwa wengine. Seremala akinunua mbao na misumari kwa 100 akauza meza kwa 180, ongezeko la thamani ni 80, na ndani ya hiyo 80 mna ujira, kodi ya pango na faida yake. Thamani ya ziada katika hesabu ya Marx huja tu baada ya kuondoa ujira. Anayeyachanganya maneno haya anachanganya nadharia ya unyonyaji na hesabu ya mamlaka ya kodi.

Kodi yenyewe, ile "value added tax", ilibuniwa Ufaransa na Maurice Lauré, ikaanza kutozwa mwaka 1954. Tanzania inaitwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, jina ninaloliona zuri kwa sababu linaeleza utaratibu wenyewe: kila mwenye kupitisha bidhaa hulipia kile kipande alichokiongeza yeye, na mzigo wote humfikia mnunuzi wa mwisho.

Sasa aina za thamani katika hati za biashara. "Market value", thamani ya soko, ni makadirio. Ni kiasi ambacho mnunuzi aliye tayari na muuzaji aliye tayari wangekubaliana, wote wakijua wanachofanya, pasipo kushinikizwa, baada ya kitu kutangazwa kwa muda wa kutosha. Ndugu akimuuzia ndugu yake kwa bei ya chee, au mdaiwa akiuza usiku kwa kuogopa kufilisiwa, bei ipo, lakini si thamani ya soko. Mthamini wa nyumba huifikia kwa njia kuu tatu: kulinganisha na mauzo ya majengo yanayofanana, kukokotoa gharama ya kujenga upya na kutoa uchakavu, au kuangalia kipato ambacho jengo linaweza kuingiza.

"Book value" ni thamani ya vitabuni. Mashine iliyonunuliwa kwa 10,000 ikikatwa uchakavu wa 2,000 kila mwaka, baada ya miaka mitatu vitabu vitaonyesha 4,000. Sokoni inaweza kupata 6,000 au isipate mnunuzi. Usiseme thamani halisi hapa, kwa kuwa namba hii ni ya mhasibu tu. Kiasi kinachotarajiwa kubaki mwishoni mwa maisha ya mashine ni "residual value", thamani ya masalio. Ikiuzwa kama chuma chakavu, sema hivyohivyo, thamani yake kama chuma chakavu.

"Face value" katika fedha ni thamani iliyoandikwa juu ya noti, hisa au hatifungani, yaani hati ya mkopo ambao serikali au kampuni imechukua. Hatifungani ya 1,000 inaweza kuuzwa kwa 950 riba za soko zikipanda, na bado itakapoiva atakayeishika atalipwa 1,000. "Surrender value" ni ya bima ya maisha: kiasi anachorudishiwa mwenye bima akiamua kuivunja kabla ya muda wake. Hapa ni bora kueleza kuliko kubuni jina, kwa sababu msomaji anataka kujua atapata nini akiacha kulipa.

"Present value", thamani ya sasa, inahitaji mfano. Ukiahidiwa 1,000 mwaka mmoja ujao, na leo ungeweza kuweka fedha mahali penye faida ya asilimia 10 kwa mwaka, ahadi hiyo leo ni sawa na takriban 909, kwa kuwa 909 ikiongezewa asilimia 10 inafika 1,000. Muda ukiwa miaka miwili, inakuwa takriban 826. Kwa hiyo "value" hapa hailingani na bei wala ubora: ni kiasi cha kesho kilichorudishwa leo.

Na kuna "value for money", mtego ninaouona kila mara. Katika ripoti za ukaguzi imezoeleka kuandika thamani ya fedha, na wasomaji wa ripoti hizo wanaelewa. Nje ya hapo, thamani ya fedha ina maana nyingine kabisa, yaani uwezo wa sarafu kununua vitu, ule unaopungua kukiwa na mfumuko wa bei. Sentensi kama "mradi haukuzingatia thamani ya fedha" humfanya msomaji wa kawaida afikirie mfumuko wa bei. Andika: matokeo ya mradi hayalingani na fedha zilizotumika. Ni maneno mengi kidogo, lakini hakuna atakayepotea.

Usilisahau pia neno kima. Limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana hiyohiyo ya thamani, na bado linafanya kazi katika kima cha chini cha mshahara. Panapotajwa kiasi kilichowekwa kama kiwango, kima mara nyingi kinapendeza kuliko thamani.

Hatua ya nne: yanayoshikwa na watu

Kitu kinaweza kuwa na "sentimental value": pete ya marehemu mama, barua, picha iliyochanika. Soko halitaipa chochote. Ukisema thamani ya kihisia, utaeleweka, ingawa haivutii. Kiswahili chenye uhai zaidi ni kusema kitu hicho ni cha kumbukumbu, au kwamba mwenyewe hawezi kukitoa kwa bei yoyote.

Wingi wake, "values", umezua mjadala wa kweli miongoni mwa wenye lugha. Maadili ndilo neno linalotumika zaidi, na Kenya "national values" za kifungu cha 10 cha Katiba ya mwaka 2010 huitwa maadili ya kitaifa. Tanzania, Rasimu ya Katiba ya mwaka 2013 ilizungumza juu ya tunu za taifa. Tunu kwa asili ni kitu adimu na cha kupendwa, zawadi ya kutunzwa, na kuipeleka kwenye "values" ni hatua ya kishairi iliyofanikiwa.

Lipi uchague? Mimi hupima hivi. Maadili tayari yana wema ndani yake. Mwenye maadili ni mtu mwema, asiye nayo ni mpotovu. Kiingereza cha sayansi ya jamii hakiko hivyo. Huko "values" ni yale watu wanayoyapa uzito, yawe mema au mabaya. Hata genge la wezi lina "values" zake, pengine kutosalitiana na kugawana sawa. Ukiandika maadili ya wezi, msomaji atacheka au atashangaa. Andika mambo wanayoyapa uzito, au misimamo yao. Vilevile kampuni inayoorodhesha kasi na ubunifu miongoni mwa "core values" zake haijataja maadili, kwa sababu mtu mwovu anaweza kuwa na kasi. Hapo misingi, au tunu, au hata kusema tu tunachokipa kipaumbele, kunafaa zaidi. Uaminifu, utu na haki zikiwa ndizo zinazotajwa, maadili yanarudi mahali pake bila ubishi.

"Family values" hutegemea anayesema. Katika siasa za Marekani maneno hayo yamebeba msimamo wa kihafidhina kuhusu ndoa na malezi, na mfasiri anayeandika maadili ya familia bila zaidi amelificha hilo. Sentensi moja ya maelezo inatosha.

Kuhusu "value judgement": ni kauli inayosema jambo ni zuri, baya, bora au duni, tofauti na kauli inayosema jambo lipo au halipo. David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, katika kitabu chake cha miaka ya 1739 na 1740, alionyesha kwamba waandishi huanza kueleza mambo yalivyo, kisha ghafla wakajikuta wanasema yanavyopaswa kuwa, bila kueleza walivukaje. "Mto umekauka" ni taarifa. "Ni aibu mto kuachwa ukauke" ni hukumu ya mtu, na tafsiri inayofaa ni hii: hukumu inayotokana na mtazamo. "Value-free", inayohusishwa sana na mwanasosiolojia Mjerumani Max Weber, ni utafiti usioingiza upendeleo wa mtafiti, na kamwe si utafiti usio na thamani.

Hatua ya tano: pasipo na mpimaji

Hisabati kwanza. "Find the value of x" tumezoea kuitafsiri tafuta thamani ya x, na kwa kuwa imekaa shuleni miaka mingi, iache. Mwalimu akumbuke tu kumweleza mtoto kwamba thamani hapa ni namba inayokaa mahali pa x, na kwamba 2 haina heshima pungufu kuliko 200. "Place value" ni thamani ya tarakimu kulingana na nafasi yake: katika 352, tarakimu 5 inasimama kwa 50, katika 523 kwa 500. "Absolute value" ni umbali wa namba kutoka sifuri bila kujali upande, hivyo ya 7 na ya hasi 7 ni 7 zote mbili.

"Expected value" ndiyo inayopotosha kwa jina lake hata katika Kiingereza. Ukirusha dadu lenye nyuso sita, thamani tarajiwa ni 3.5, namba isiyopatikana kwenye uso wowote wa dadu. Hakuna anayeitarajia. Ni wastani ambao matokeo huusogelea ukirusha mara nyingi mno. Katika takwimu kuna pia "p-value", na hapa nasisitiza kwa sababu hata magazeti hukosea. Inaeleza jinsi ambavyo ingekuwa nadra kupata matokeo kama yaliyopatikana, au makali zaidi, iwapo kweli hakuna tofauti yoyote inayotafutwa. Kipimo cha 0.05 kilienezwa na mwanatakwimu Ronald Fisher tangu kitabu chake cha mwaka 1925. Ikiwa chini ya hapo, si kwamba nadharia ya mtafiti ina uhakika wa asilimia 95. Kwa Kiswahili acha herufi p ionekane, kisha eleza maana yake mara moja mwanzoni mwa maandishi.

Katika kompyuta, "value" ni data iliyohifadhiwa mahali palipopewa jina. Jina ni umri, kilichomo ni 34. Data nyingi huhifadhiwa kwa jozi, ufunguo na thamani. Hatari ipo kwenye "null value": hapa hakuna chochote kilichowekwa, na hiyo ni tofauti na sifuri. Mtu ambaye umri wake haujajazwa hajawa na umri wa sifuri. Ukitafsiri isiyo na thamani, msomaji ataelewa kuwa data ni takataka, andika haijajazwa. Katika mantiki "truth value" ni mbili tu, kweli na uongo, na kompyuta zimelirithi hilo kutoka kwa mwanahisabati George Boole, aliyechapisha kazi yake kuu mwaka 1854.

Wachoraji wana "value" yao. Ni kiwango cha weupe au weusi wa rangi, bila kujali ni nyekundu au bluu. Albert Munsell, Mmarekani, aliipanga kutoka 0 ya weusi kamili hadi 10 ya weupe kamili. Programu za picha pia zina mfumo wenye herufi tatu, HSV, na hiyo V ndiyo "value". Sema mwangaza wa rangi na mchoraji atakuelewa mara moja. Thamani ya rangi itamfanya aulize bei ya kopo. Katika muziki "note value" ni muda wa noti, nzima, nusu, robo. Katika fonetiki ni sauti ya herufi: c ya Kiingereza ina mbili kuu, ya k na ya s.

Hatua ya sita: watoto wa neno

"Valuation" ni uthamini, kazi ya mthamini. "Evaluation" ni tathmini, kuangalia kama jambo limefanikiwa na kwa nini. Vyote viwili vimeshatulia katika Kiswahili cha ofisini, visichanganywe.

"Valuable" ni yenye thamani, au muhimu, au adhimu. "Valuables" ni vitu vya thamani, vile unavyoambiwa usiviache ndani ya gari. Kisha "invaluable", neno linalowaangusha wengi kwa sababu lina kikanushi mbele. Si kitu kisicho na thamani. Ni kitu ambacho thamani yake haikadiriki. Ukimwandikia mtu barua ya shukrani na kumwambia msaada wake haukuwa na thamani, umemtukana. "Worthless" na "valueless" ndivyo visivyo na thamani. "Undervalue" ni kutothamini ipasavyo kwa watu, na kukadiria chini ya thamani kwa mali.

Hatua ya saba: vifungu vinavyohitaji kuvunjwa na kusemwa upya

"Take it at face value" ni kuamini jambo kama lilivyosemwa, bila kuchimba zaidi. "Shock value" ni kule kusema au kuonyesha jambo ili kushtua tu. "Nuisance value" ni uzito mtu anaoupata kwa sababu ana uwezo wa kusumbua. Kwa vyote vitatu neno thamani ni mzigo usiohitajika. "News value" ni kile kinachofanya tukio listahili kuwa habari. Waliolichambua mapema ni watafiti wa Norway Johan Galtung na Mari Ruge, mwaka 1965, wakitaja mambo kama ukubwa wa tukio, ukaribu wake kwa msomaji na ubaya wake.

"Nutritional value" tunaiita thamani ya lishe, na imekubalika. Lakini "% Daily Value" ya kwenye vifungashio vya Marekani usiite thamani ya siku. Ni sehemu ya kiasi kinachopendekezwa kwa siku ambayo kipimo kimoja cha kula kilichoandikwa kwenye kifungashio kinakupa. Kwa sodiamu, ile iliyomo katika chumvi, kiasi hicho ni miligramu 2,300, kwa hiyo kipimo chenye miligramu 460 kitaandikwa asilimia 20. Mwongozo wa mamlaka ya huko ni kwamba asilimia 5 au chini ni kidogo na 20 au zaidi ni kingi. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayesoma tafsiri yenye maneno "thamani ya siku 20%" anaweza kudhani ni sifa njema.

"Valued customer" ni mteja wetu mpendwa, si mteja aliyethaminishwa. Na "good value", sokoni, ni kitu kinachostahili bei yake au zaidi. Mara nyingi "ni bei nzuri" inatosha, ilimradi ubora wenyewe umetajwa karibu.

Zoezi la kumalizia

Chukua sentensi hii: "The value of the house fell, but its value to the family did not, and in their values that mattered more." Neno limekuja mara tatu. Mara ya kwanza linafuatwa na "of" na limeshuka, mpimaji ni soko: thamani ya soko. Mara ya pili linafuatwa na "to", mpimaji ni familia: umuhimu, au uzito. Mara ya tatu ni wingi wenye wamiliki, mambo wanayoyapa kipaumbele, na kwa kuwa hapa hapazungumzwi wema wala uovu, maadili hayafai. Tafsiri inaweza kuwa: Nyumba ilishuka thamani sokoni, lakini kwa familia uzito wake haukupungua, na kwao hilo ndilo lililotangulia.

Kiingereza kimetumia neno moja mara tatu, Kiswahili kimetumia thamani mara moja, uzito mara moja, na mara ya tatu kimetumia kitenzi badala ya jina. Fanya hivyo kila sentensi inapokuruhusu. Pale mwandishi alipokusudia msomaji aone neno limerudiwa, kama katika shairi au hotuba, irudie thamani kwa makusudi na uisaidie kwa maneno yanayoizunguka: thamani ya sokoni, thamani ya moyoni.